Mzee anayelala nje ameniomba hifadhi nyumbani kwangu, na shirika ninakojitolea limenikataza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeolewa, na nina kazi ya kuajiriwa. Kwa muda sasa nimekuwa nikijitolea, jioni za siku za mapumziko, katika shirika dogo la mtaani kwetu linalowahudumia watu wasio na makazi. Tunagawa chakula cha moto, nguo na sabuni, kuna mabafu ya kuogea, na mara kwa mara huja muuguzi anayetazama vidonda na kupima presha. Usiku unapoingia shirika hufungwa kwa sababu halina vitanda, na kila aliyekula kwetu hurudi alikotoka, barazani mwa maduka, chini ya daraja au kwenye vituo vya mabasi.

Miongoni mwao yupo mzee mmoja ambaye zamani alikuwa fundi cherehani. Aliugua, akashindwa kufanya kazi kwa miezi kadhaa, kodi ya chumba ikalimbikizana na mwenye nyumba akamtoa. Mkoba uliokuwa na kitambulisho chake uliibiwa akiwa amelala nje. Hadi leo hutembea na sindano aliyoichomeka ndani ya ukosi wa shati na uzi aliouzungushia kipande cha boksi, naye huwashonea wenzake vifungo wakiwa kwenye foleni. Jioni moja aliona kifungo cha mkono wa blauzi yangu kinaning'inia, akaniomba ninyooshe mkono, akakikaza, akaukata uzi kwa meno, kisha akaniambia, "Sasa uko sawa, binti yangu." Tangu hapo tumekuwa tukizungumza kila ninapokuwa zamu, na kusema kweli namwona kama baba yangu.

Zamu iliyopita aliniuliza kwa sauti ya chini kama sina hata stoo ambapo angeweza kujibanza mpaka mvua ziishe. Aliwahi kwenda kwenye makao ya muda yanayoendeshwa na watu wengine, lakini viatu vyake viliibiwa usiku, akaapa kutorudi. Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia ananiita mtu jikoni, nikaondoka.

Tuna stoo, Shangazi. Ina vitu vyetu, lakini ingeweza kusafishwa. Nilimweleza mratibu wetu, naye akanijibu kwamba kanuni ni kanuni: mtu anayejitolea hatoi namba yake ya simu, hatoi fedha mkononi, wala hampeleki mhudumiwa nyumbani kwake, na atakayefanya hivyo ataondolewa. Nilihisi nimepigwa kofi. Tunawezaje kusema tunawasaidia watu wasio na makazi halafu tukakatazana kuwapa makazi? Dada yangu ananishauri nimpangishie mzee chumba kwa siri kwa mwezi mmoja au miwili. Mume wangu anasema nimekuwa nikirudi nyumbani kimya, sili, sizungumzi na watoto, na kwamba kama kazi hiyo inanifanya hivyo, basi niiache. Isitoshe, nyuso ninazoziona ni zilezile tangu nilipoanza, na nimeanza kujiuliza kama sahani zetu zinabadilisha chochote. Nifanye nini?

Mwenye Moyo Mzito

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na jibu lenyewe kwa sababu najua unalisubiri: usimpeleke mzee huyu nyumbani kwako, usimpangishie chumba kwa siri, na pia usiache kwenda. Anachohitaji ni mlango anaoufunga kwa ufunguo wake mwenyewe, ambao hakuna mtu atakayemnyang'anya kwa sababu tu amechoka naye, na njia ya kuufikia mlango huo inapita kwenye shirika, wewe ukiwa ndani yake na ukilisukuma. Natambua kwamba jibu hili litakuumiza, kwa kuwa stoo ipo na mvua zinakuja, kwa hiyo niruhusu nikueleze kwa kirefu ninavyolitazama jambo hili.

Tuseme umemkubalia. Mmeisafisha stoo, mmetandika godoro, na mzee amelala pakavu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Siku za mwanzo zitakuwa za furaha kwenu nyote. Baadaye utaanza kuona anavyosubiri ninyi nyote mlale ndipo aende msalani, anavyoficha kikohozi, anavyokula kidogo ili asionekane mzigo, na anavyoamka kabla ya watoto ili asikutane nao mlangoni. Wahenga waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walifahamu kwamba ugeni una mwisho, na mtu mzima asiye na mahali pengine pa kwenda anaishi kila siku akiuhesabu mwisho huo. Hana mkataba, hana haki yoyote juu ya chumba hicho, na hawezi kukukasirikia hata ukimkosea. Kisha itafika siku ambayo mumeo atahitaji stoo yake, au mtoto ataugua, au mtakosana kwa neno dogo tu, na mzee ataondoka.

Hapo ndipo ninapoiona hasara kubwa kuliko zote. Mzee aliyeondoka nyumbani kwako kwa aibu hatakuja tena kupanga foleni mbele yako. Atakwepa siku za zamu yako, na pengine atalikwepa shirika zima, kwa maana wenzako watakuwa wamekwishajua. Atakuwa amepoteza stoo, na pamoja nayo chakula cha jioni, bafu, muuguzi, wenzake anaowashonea vifungo, na wewe uliyekuwa binti yake. Leo hii, akiwa amelala nje, bado anavyo vyote hivyo. Chumba cha kupangishiwa kwa siri kina hatari hiyohiyo, tena kina nyingine juu yake: mwezi wa pili utakapokwisha hutakuwa na uwezo wa kuendelea, na ataondolewa na mwenye nyumba kwa mara ya pili, safari hii kwa kodi iliyoahidiwa na mtu aliyemwamini.

Sasa tuizungumzie hiyo kanuni. Mratibu wako angepaswa kukueleza sababu yake badala ya kukujibu kwa mkato, kwa maana mtu anayejitolea kwa moyo anastahili maelezo. Sababu ni hii. Katika maeneo ambako watu wasio na chochote hukusanyika, hufika pia watu wenye nia mbaya waliovaa sura ya ukarimu. Wapo wanaotafuta mtu wa kumfanyisha kazi bila malipo kwa kisingizio cha kumpa mahali pa kulala, na wapo wanaowatafuta wanawake na vijana kwa ajili ya kuwatumia vibaya. Msimamizi hawezi kuusoma moyo wa kila anayejitolea, kwa hiyo huweka mpaka mmoja kwa wote, na mpaka huo unamlinda mzee wako dhidi ya mtu asiyekuwa wewe. Ukiuvuka kwa nia njema, utakuwa umemfungulia njia yule atakayesema kesho kwamba hata wewe ulifanya hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo ninyi mnaogawa chakula huwa mnalisahau, nalo ni kwamba mnayo mamlaka, hata kama hamjisikii kuwa nayo. Anayeshika mwiko ndiye anayeamua nani ataongezewa na nani ataambiwa chakula kimekwisha. Wengine waliomo kwenye foleni wanaona nani anazungumziwa pembeni, nani amepewa namba ya simu, na nani hakupewa. Mama aliyekaa nyuma ya mzee huyo, ambaye naye analala nje na hajui kushona, atajiuliza amekosa nini, na swali lake litakuwa la haki.

Hata hivyo, kanuni inayokataza bila kuonyesha njia nyingine ni nusu ya kanuni. Kama shirika linakuzuia kulitatua jambo hili peke yako, lina wajibu wa kukuambia nani analitatua. Rudi kwa mratibu, omba muda wa kukaa naye chini, na umuulize kwa heshima: huyu mzee ni mhudumiwa wa nani miongoni mwetu? Nani anafuatilia kitambulisho chake? Ni makao gani ya muda tunayoshirikiana nayo, na je, yapo yenye makabati ya kufungia vitu? Shirika linaweza kuwa dogo na maskini na bado likawa na daftari lenye majina ya maafisa ustawi wa jamii, zahanati, wasaidizi wa kisheria na wenye nyumba wasioogopa kumpangisha mtu aliyetoka mtaani. Kama daftari hilo halipo, basi hiyo ni kazi ya kujitolea yenye thamani kuliko kusafisha stoo, na mtu mwenye ajira na mpangilio kama wewe anaweza kuifanya vizuri sana.

Kabla ya yote hayo, mzee anasubiri jibu lako. Alilazimika kujikusanya sana ndipo akaweza kukuuliza swali lile, na kumwacha bila jibu ni kumwongezea adhabu. Mjibu katika zamu yako ijayo, ukiwa umekaa naye upande mmoja wa meza, mbali na masikio ya wengine. Unaweza kumwambia hivi: "Baba, uliniuliza jambo na sikukujibu. Siwezi kukukaribisha nyumbani kwangu, na sitaweza baadaye. Ninachoweza, ukiridhia, ni kwenda nawe kwa mratibu tuanze kufuatilia kitambulisho chako, na nitakuwa hapa kila zamu yangu." Usimwambie kwamba mume wako hataki, hata kama ingekuwa kweli, kwa sababu utamfanya asubiri mume abadili mawazo, na utakuwa umemtupia mtu mwingine uamuzi ambao ni wako. Usimwahidi chumba, wala usimtajie tarehe. Anaweza kunyamaza, anaweza kukasirika, anaweza asionekane kwa siku kadhaa. Atakaporudi, msalimie kama ulivyomsalimia siku zote na umpe nafasi ya kukaa palepale.

Kuhusu kitambulisho, ningependa ulichukue jambo hili kwa uzito, kwa sababu kwa watu wengi waliopoteza makazi ndipo mambo yanapokwama. Bila kitambulisho mtu hapewi mkataba wa chumba, hafungui akaunti, hasajili laini ya simu, na mara nyingi hapati msaada wa serikali hata pale ambapo upo. Naye anapokwenda kukiomba kingine, anaulizwa anakaa wapi. Mzunguko huo humchosha hata mwenye nguvu, na mzee aliyekatishwa tamaa dirishani mara moja anaweza asirudi tena. Taratibu hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, lakini kwa kawaida huanza na taarifa ya polisi ya upotevu, halafu huhitajika kumbukumbu za kuzaliwa au mahali alipoandikishwa kwanza, na mtu wa kuthibitisha kwamba anamfahamu. Ulizeni kama shirika linaweza kutumia anwani yake kwa ajili ya barua zake. Shirika likikuruhusu, nenda naye wewe au mwenzako mwingine, ukae naye kwenye benchi muda wote utakaohitajika, kwa sababu mtu aliyevaa nguo zilizochakaa huhudumiwa tofauti anapokuwa na mwenzake pembeni, jambo ambalo linanikera lakini ndivyo lilivyo. Kitambulisho kikipatikana, nakala yake ibaki kabatini mwa shirika, ili mvua au mwizi asiwarudishe mwanzo.

Umenieleza kwamba ni fundi cherehani, na natabiri kwamba kuna mtu atakayependekeza anunuliwe cherehani ili ajiinue. Ni wazo jema, ila litangulizwe na swali: ataiweka wapi? Cherehani barazani itaibiwa kama viatu vilivyoibiwa. Kwa miaka mingi mashirika mengi duniani yalimtaka mtu asiye na makazi athibitishe kwanza kwamba anastahili nyumba, aache pombe, atibiwe, apate kazi, alale kwenye makao ya muda bila kuvunja sheria, na ndipo mwishoni apewe chumba. Mwaka 1992, mjini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliugeuza utaratibu huo: mtu alipewa nyumba kwanza, yenye mkataba wa kawaida, na huduma nyingine zikamfuata humo, kwa ridhaa yake. Ufini ilifanya njia hiyo kuwa sera ya taifa kuanzia mwaka 2008, na makao mengi ya muda yenye vitanda vya pamoja yakageuzwa kuwa nyumba ambazo mkaaji ana mkataba na ufunguo wake. Kanada nayo iliijaribu kuanzia mwaka 2009 katika miji mitano, kwa kuwafuatilia watu zaidi ya 2,000, na waliopewa nyumba kwanza walidumu ndani ya nyumba kuliko waliopitia huduma za kawaida. Sababu si ngumu kuielewa. Aliyelala vizuri, akafunga mlango na kujua vitu vyake vipo, anaweza kumeza dawa kwa wakati, kutimiza miadi na kukaa kwenye cherehani.

Najua shirika lenu halina nyumba za kugawa, na sikuletei habari za nchi tajiri ili mjione wadogo. Nimezileta kwa sababu zinaonyesha upande wa kuelekeza juhudi. Shirika dogo linaweza kuanzisha mfuko wa kulipia amana na kodi ya miezi ya mwanzo, likajitambulisha kwa mwenye nyumba kama mdhamini anayepigiwa simu panapotokea tatizo, na likamtembelea mhudumiwa baada ya kuhamia. Hilo la mwisho msilipuuze. Mtu aliyezoea kulala akizungukwa na wenzake anaweza kuona upweke wa chumba unamlemea, na wapo wanaorudi mtaani kwa sababu hiyo, bila kudaiwa kodi yoyote. Kama wewe na dada yako mnazo fedha mlizokuwa mmepanga kumlipia mzee kwa siri, zipelekeni kwenye mfuko wa namna hiyo, kwa risiti, na shirika liamue kwa vigezo vyake nani aanze. Inawezekana akawa yeye, inawezekana akawa yule mama wa nyuma ya foleni.

Makazi yametajwa katika ibara ya 25 ya Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, pamoja na chakula, mavazi na matibabu. Nakukumbusha hilo kwa sababu barua yako inazungumza kana kwamba makazi ya mzee huyu yanategemea ukubwa wa moyo wako. Hayategemei, na hayapaswi kutegemea. Ni haki yake, kwa hiyo ni sahihi kabisa kwamba madai yake yapelekwe kwa afisa ustawi wa jamii na kwa viongozi wa eneo lenu, kwa barua yenye nembo ya shirika, na si kwako peke yako katika sauti ya chini.

Wakati hayo yakiendelea, mvua zitanyesha, nami singependa uishie kusoma habari za sera ilhali mzee analala penye maji. Yapo mambo ambayo shirika linaweza kuyafanya wiki hii. Tazameni miguu. Mguu unaokaa ndani ya soksi na kiatu kilicholowa kwa saa nyingi huvimba, hufa ganzi na ngozi yake huharibika, hata mahali pasipo na barafu, na kwa mtu mwenye kisukari kidonda kidogo cha hapo kinaweza kumgharimu mguu wenyewe. Soksi kavu ni kitu ambacho watu husahau kukitoa wanapochangia nguo, ilhali huisha kabla ya vingine vyote. Gaweni karatasi za nailoni na maboksi makavu ya kutandika chini, kwa sababu mwili uliolala hupoteza joto jingi kupitia ardhi, na blanketi la juu pekee halitoshi.

Wafundisheni pia wanaogawa chakula kutambua mwili uliopoa kupita kiasi. Mzee aliyelowa na kupigwa na upepo anaweza kufikia hali hiyo hata kama baridi si kali. Huanza kwa kutetemeka, kisha hupepesuka, hutamka maneno kwa shida, huchanganyikiwa, na kutetemeka kwenyewe huweza kukoma, jambo linalowafanya watu wadhani amepata nafuu. Wengi hupita pembeni wakisema amelewa. Mtu wa namna hiyo avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe kwa kitu kikavu na aitiwe gari la wagonjwa bila kusubiri, na hata kama kweli amekunywa pombe uharaka ni uleule, kwa kuwa pombe huufanya mwili upoteze joto zaidi.

Vilevile muulize mzee, bila kumlaumu, kuhusu yale makao ya muda. Watu huyakataa kwa sababu wanazozijua wao: wizi, kelele, vitisho, kutenganishwa na mwenza, au kulazimika kutoka alfajiri wakiwa hawana pa kwenda. Sababu yake yeye ni viatu. Mratibu anaweza kupiga simu huko na kuulizia kabati lenye kufuli, au kitanda kilicho karibu na mlinzi, na inawezekana tatizo zima la msimu huu wa mvua likaishia kwenye kufuli.

Umeuliza kama sahani zenu zinabadilisha chochote, kwa kuwa nyuso ni zilezile. Mtu anayelala nje hulala kwa vipande, sikio moja likiwa macho, na baada ya miezi ya usingizi wa namna hiyo husahau, hukasirika haraka, hukosa miadi, na hamwamini yeyote anayemjia na fomu. Anayemwona kila wiki mahali palepale, saa ileile, akimwita kwa jina lake, humpa sababu ya kuja siku ambayo atakuwa tayari kuomba zaidi ya chakula. Mzee huyu alikuomba. Asingemwomba mtu aliyeonekana mara moja na kamera kisha akatoweka. Lakini wasiwasi wako una ukweli ndani yake, na ningetaka uufikishe kwenye kikao cha shirika: mnahesabu sahani, je, mnahesabu pia waliopata kitambulisho, waliounganishwa na ndugu kwa hiari yao, waliohamia kwenye chumba na bado wamo? Shirika lisilojiuliza hivyo linaweza kulisha watu walewale kwa miaka mingi na kuridhika.

Mwisho nije kwa mumeo, ambaye nadhani amekuona vizuri kuliko unavyojiona. Kurudi kimya, kutokula na kutozungumza na watoto ni dalili kwamba unabeba unayoyasikia bila mahali pa kuyatua. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unaifupisha kazi ya msaidizi katika mambo matatu, yaani kutazama, kusikiliza na kuunganisha mtu na msaada anaouhitaji, na unasisitiza kwamba msaidizi naye ajitunze na azungumze na wenzake. Wewe umetazama na kusikiliza kwa muda mrefu. Hukupewa nafasi ya kuunganisha, na hapo ndipo uzito umekulundikia. Mwombe mratibu kwamba kila zamu imalizike kwa wote waliojitolea kukaa pamoja kwa dakika chache, kila mmoja aseme kilichomlemea, kabla ya kufunga mlango na kwenda nyumbani. Kama kwa sasa umechoka sana, punguza zamu badala ya kukatisha ghafla, na uwaambie wanaokutegemea ni siku zipi utakuwepo. Mumeo mweleze uamuzi wako kuhusu stoo, mshukuru kwa kukuonya, na umwalike aje zamu moja akuone unavyofanya kazi.

Zungumza kwanza na mzee, halafu na mratibu, kwa mpangilio huo, na uniandikie tena mratibu akishakujibu nani atashughulikia kitambulisho. Akisema hayupo wa kazi hiyo, niambie utaratibu wa mahali mlipo unadai hati gani, nasi tutapanga pamoja hatua ya kuanzia.

Wako, Shangazi